Sosi ya nyama ya Kiitaliano ya kupika saa nyingi: ya Bologna, ya Napoli au ile ya vitunguu?

Fundi_Sufuria
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi ya wiki ijayo wakwe wanakuja, watu wanane, na shemeji yenu ameshatangaza kuwa nitapika tambi za Kiitaliano. Mwezi uliopita nilijaribu: nusu kilo ya nyama ya kusaga, nyanya, hoho, kitunguu saumu, dakika ishirini jikoni. Nyama ilitoka punje punje kama mchanga, mchuzi umekaa pembeni kama hawajuani.

Nimesoma nikakuta zipo tatu za kupika taratibu, na kila moja ina watu wake: ragù ya Bologna (nyama ya kusaga), ragù ya Napoli (mapande mazima) na genovese (vitunguu tele, hakuna nyanya). Nina mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao sijui umebakisha nini, jiko la mkaa, na presha kuka. Baba mkwe ni Mwislamu safi, nguruwe na mvinyo visikaribie sufuria. Nipike ipi?

pangani_boi
Pika pilau mkuu. Aibu ya nini?

Mtoro_wa_Emilia
Niko Italia, mkoa huu wa Emilia-Romagna wenye mji wa Bologna, mwaka wa tisa sasa, nilianza kuosha vyombo nikapandishwa kukata mboga, kwa hiyo ya Bologna naijua kwa mikono. Hoho na kitunguu saumu toa kwanza. Accademia Italiana della Cucina, chama cha kutunza mapishi ya Kiitaliano, waliyaandikisha mapishi haya kwenye chemba ya biashara ya Bologna tarehe 17 Oktoba 1982, wakayafanyia marekebisho 2023, na kitunguu saumu wamekitaja kabisa kuwa hakiruhusiwi, pamoja na viungo vya kunukia na unga wa kufanya mchuzi uwe mzito.

Ya 2023 ni hivi: nyama ya ng'ombe gramu 400, pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe) gramu 150, kitunguu, karoti na selari gramu 60 kila kimoja, nyanya iliyochujwa gramu 200, kijiko cha nyanya nzito ya kopo, glasi ya mvinyo, supu, na maziwa nusu glasi ukipenda. Umeona nyanya zilivyo chache? Huku ragù ni nyama iliyopakwa nyanya kidogo. Sisi nyumbani tunafanya kinyume, tunapika mchuzi wa nyanya halafu tunautilia nyama.

Mchanga wako ulitokana na mambo mawili. Uliimwaga nyama yote kwa mpigo kwenye sufuria ndogo, ikatoa maji, ikachemka badala ya kukaangika. Halafu hukuipa muda. Kaanga kwa mafungu mawili matatu, subiri maji yakauke, usikie nyama inatatarika, chini ya sufuria pashike rangi ya kahawia. Ule ukoko usiukwangue ukautupa, ndio ladha yenyewe. Supu ikiingia utaachia. Kisha moto mdogo, saa mbili hata tatu, mfuniko ukiwa wazi kidogo.

Mwambie mtu wa bucha asage mara moja tu kwa tundu kubwa, na akupe kidari chenye mafuta, si steki. Steki haina kitu cha kuyeyuka, ukiipika saa tatu inazidi kukauka. Kidari na nyama ya muundi vina utandu ambao moto wa polepole unaugeuza kuwa ule uteute unaoshika tambi.

Na spageti weka kando. Huku ragù inaliwa na tagliatelle, tambi bapa za mayai. Upana wake nao waliuandikisha, mwaka 1972: milimita 8 zikishaiva.

binti_mvita
Kaka Mtoro, umesema vizuri lakini mwenzetu ana baba mkwe wa Kiislamu nawe umemtajia nguruwe na mvinyo kwenye sentensi moja 😂

Ndugu yangu Fundi, usidanganywe kwamba pombe yote huruka ikipikwa. Hata baada ya saa mbili hubaki kidogo, na kwa asiyekunywa kidogo ni kidogo pia. Mimi hutia supu ya mifupa na kijiko cha siki nyeupe mwanzoni, baada ya nyama kukaangika. Kazi ya mvinyo pale ni uchachu wa kukata mafuta, siki yatosha. Badala ya pancetta, mafuta ya kidari yakatwe vipande vidogo, yayeyushwe kabla ya mboga kuingia.

Lakini kwa hali yako ningechukua genovese. Ya Bologna ukiiondolea nguruwe na mvinyo utakuwa umebakisha kima kizuri. Genovese tangu asili ni ng'ombe na vitunguu. Wengine hutia nguruwe kidogo, asiyetia hakosi kitu. Mvinyo mweupe ndio wa kuondoa tu.

Kijiko_cha_Mbao
Naunga mkono binti_mvita. Nilikaa jikoni Malindi miaka minne chini ya mzee wa Kinapoli, mkali kama pilipili kichaa. Ragù ya Napoli isahau kwa siku hiyo. Ni mapande ya ng'ombe, mbavu za nguruwe, na minofu iliyokunjwa na kufungwa uzi, vyote ndani ya nyanya saa tano au sita. Mzee alikuwa akiuegemeza mfuniko juu ya mwiko ili pawe na mwanya, halafu anasikiliza. Wao wana neno, *pippiare*, linaloiga sauti ya rojo linapotoa povu moja moja. Sisi tungesema linatokota. Likinyamaza, moto umezidi kuwa mdogo, likipayuka, unaunguza. Uzuri wake ni kwamba unapata milo miwili: rojo linatangulia na tambi, nyama inafuata kwenye sahani ya peke yake. Ila bila mbavu za nguruwe yule mzee hata asingewasha jiko.

Genovese, licha ya jina (maana yake "ya Genova"), ni ya Napoli pia. Kilo moja ya nyama ya muundi, mapande makubwa. Kilo mbili za vitunguu maji vilivyokatwa vyembamba. Karoti moja, bua la selari. Nyama ikipata rangi, vitunguu vyote juu, chumvi, funika. Usitie maji kwa pupa! Vitunguu vinatoa maji yao, baada ya nusu saa utadhani umepika supu. Saa tatu na nusu hadi nne. Saa ya mwisho fungua mfuniko, kaa hapo hapo, koroga. Inatakiwa vitunguu vipotee kabisa, libaki rojo la rangi ya asali iliyoiva.

binti_mvita
Na tahadhari kwa sisi watu wa biriani: usivikaange vitunguu vikawa vyekundu mwanzoni. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, mkono ulizoea. Vilitoka vichungu na havikuyeyuka hata baada ya saa nne. Hapa viive kwa jasho lao, rangi ije mwishoni yenyewe.

mpishi_eastleigh
Mbona hakuna aliyetaja suugo, sosi ya tambi ya Kisomali? Wasomali walichukua tambi kwa Waitaliano enzi za ukoloni, wakatia xawaash yao ya bizari nyembamba, giligilani na iliki, na ndizi mbivu pembeni ya sahani. Dakika arobaini umemaliza, halali mwanzo mwisho. Sisemi ni sawa na ya saa nne. Nasema baba mkwe atakula akiongeza.

Mtoro_wa_Emilia
Suugo ni tamu sana, lakini jamaa ameuliza ya kupika taratibu.

mpishi_eastleigh
Ameuliza ya kulisha wakwe.

Fundi_Sufuria
Msigombane wakuu, suugo nitaifanya katikati ya wiki. Presha kuka je? Saa nne za gesi zinanitisha.

Kijiko_cha_Mbao
Nyama italainika kwa dakika 40, hilo kweli. Lakini mvuke hautoki, kwa hiyo maji ya vitunguu yanabaki yote. Utafungua ukute uji mwepesi, na utahitaji nusu saa au zaidi bila mfuniko kuukausha. Kwa genovese mimi ningetumia mkaa: gesi kukaangia nyama tu, kisha hamishia kwenye makaa yaliyopooza na kufunikwa majivu. Ng'ombe wetu wa kuchunga ana nyama ngumu, hivyo ukiona saa nne hazijatosha usishangae.

Tambi zitoe dakika mbili kabla ya kuiva, zimalizie ndani ya rojo na upawa wa maji yaliyozichemsha. Hapo ndipo zinajuana.

Fundi_Sufuria
Mrejesho, Jumapili asubuhi. Nilipika genovese. Nyama kilo moja na nusu, vitunguu kilo tatu, nimelia kama mfiwa. Gesi ilikata nyama ikiwa bado inakaangwa, kwa hiyo mkaa ulifanya karibu kazi yote. Saa nne na robo. Katikati niliona maji mengi mpaka nikataka kuyamwaga; nikasoma tena hapa, nikatulia.

Baba mkwe alitazama sahani akauliza nyanya ziko wapi. Akaonja, akanyamaza, akaomba pilipili. Sahani ya pili hakuomba, alijipakulia mwenyewe. Mama mkwe anadai nimetia sukari, na shemeji yenu kaapa mara mbili kwamba hapana, bado haamini.

Selari sikupata, nikatia karoti ya ziada. Huwa mnanunua wapi?

pangani_boi
Soko la Kisutu, Dar, wahi asubuhi. Rojo limebaki?