Naomba ushauri: yatima wa miaka 18 anahamia Mwanza, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) hana

Wakuu, salaam. Binti yatima wa baba na mama anaondoka kwa shangazi yake Singida kwenda Mwanza kujifunza ushonaji. Huko kuna kijana wanapendana, naye ameshamsajilia laini kwa jina la yeye kijana. Hapo ndipo penye shida: laini ikiwa ya mwingine, hela iliyomo nayo iko mikononi mwa mwenye laini. Wakigombana, anaifunga.

Namba ya NIDA, ambayo ndiyo ingemwezesha kusajili laini yake mwenyewe, imekwama kwa herufi moja tu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija, cha kidato cha nne kinasema Khadija. Vyeti vya vifo vya wazazi vipo, vya RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo). Je, kiapo cha wakili kinatosha, au atatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati? Na kipi kirekebishwe kwanza?

La pili, ana laki tatu. Chumba cha 40,000 kwa miezi 3 kinakula 120,000. Bado godoro, ndoo, jiko na nauli. Kijana anasema akae kwake bure (bure hiyo!). Waliopangisha Mwanza, kuna wenye nyumba wanaopokea kodi ya mwezi mmoja mmoja?