Naomba ushauri: gundi ya tinti ya zamani kwenye vioo vya duka

Wakuu, habari za leo. Nimepanga fremu hapa Mwanga, Kigoma. Mpangaji aliyetangulia alibandika tinti vioo vya mbele, jua limeikausha. Ukivuta inakatika vipande vidogo kama maganda ya kitunguu, gundi yote inabaki kwenye kioo. Mafuta ya taa yanailainisha kiasi, ila yanaacha utelezi na vumbi la barabarani linanasa hapo hapo. Jirani anasema nipake mawese (huku kila tatizo dawa yake mawese!). Kwenye kioo naona wembe na maji ya sabuni vitatosha. Kinachonitisha ni kabati la plastiki lililojaa stika: thina si italifubaza? Mliowahi kubandua, mlianza na maji moto au draya ya saluni?