Fatush: mkate unalainika kabla hatujakaa kula, naomba msaada kabla ya Jumamosi

UmmuZayn_Mvita
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi nilifanya kazi Beirut miaka minne, mtaa wa Hamra, nikarudi nyumbani 2020. Katika vyakula vyote vya kule kilichonibaki moyoni ni fatush, ile saladi yao ya majani na mkate mkavu unaovunjika mdomoni, mwezi wa Ramadhani nyumba niliyokuwa haikukosa mezani hata siku moja. Sasa shida ni hii, kukata nilikuwa nakata mimi kila siku, tungule, matango, figili, nanaa, vyote, lakini kutia ndimu na mafuta alikuwa akitia madam mwenyewe, ananiita nipeleke bakuli naye anamalizia hukohuko mezani, kwa hiyo pale mwisho ndo sikupaona vizuri.

Juzi nikasema leo nafutarisha wanangu fatush. Nimekaanga mkate saa kumi, saa kumi na moja nikachanganya kila kitu nisije nikakimbizana na adhana, nikafunika na sahani. Kufunua baada ya magharibi maji yamejaa chini kama mtu kamwaga gilasi na mkate umekuwa boflo iliyotiwa chai. Watoto wamekula kimyakimya wasinivunje moyo. Niliumia wallahi, si kwa chakula, nilitaka wajue mama yao kule alikuwa anakula nini.

Jumamosi wanakuja mama mkwe na mawifi, jumla watu 15. Nakosea wapi? Na ile sumaki, ule unga mwekundu mkali, Marikiti nimezunguka nauliza mmoja akanielekeza kwa wauza vyuma akidhani nataka sumaku. Parsley pia nilikosa nikatia dania.

BintiDarajani (Muscat)
Waaleikum salaam dada, pole na hongera kwa kutaka kuwapikia wanao. Maswali yako ni mengi lakini kosa ni moja tu, umechanganya saa moja na nusu kabla. Fatush haisubiri mtu, mtu ndo anaisubiri. Chumvi na ndimu zikishagusa tango na tungule zinavuta maji yote nje, na mkate mkavu kazi yake ni kunywa maji, sasa ulitegemea nini hapo. Na kule kufunika ndo umemalizia kabisa, hata mkate peke yake ukiufunika ukiwa wa moto unatoa mvuke unajilainisha wenyewe.

Ndo maana huyo madam alikuwa anamalizia mezani, hakuwa anakuficha. Hapo mezani ndo mahali pake.

Fanya hivi. Mchana kata tango, toa mbegu za katikati kama ni yale makubwa ya kwetu (ya Kilebanoni ni madogo hayana maji mengi), nyunyizia chumvi kidogo uweke kwenye chujio robo saa limwage maji. Tungule pasua, zile mbegu na majimaji yake toa kwa kidole. Saladi ya majani osha halafu uikaushe KABISA, mimi naifunga kwenye leso safi ya pamba natoka nje kibarazani naizungusha kama natupa kombeo mpaka leso inalowa, watoto wanapenda kunisaidia hiyo. Jani lenye maji halishiki mafuta, yanateleza yanakwenda chini.

Mchuzi wake weka kwenye chupa pembeni: mafuta ya zeituni theluthi ya kikombe, ndimu robo kikombe, thomu punje mbili umetwanga na chumvi, sumaki kijiko cha chakula, nanaa kavu kidogo. Hiyo ni ya watu watano, we zidisha mara tatu. Sumaki nyingine za paketi zimeshatiwa chumvi kwa hiyo onja kwanza.

Na dania hapana, dada. Harufu yake inafunika nanaa yote. Ukikosa parsley ongeza nanaa na vitunguu majani, basi.

Kaka_Michigan
Bi Muscat kamaliza karibu yote. Mimi niko Dearborn, hapa Walebanoni ni wengi sana, na miaka mitatu nimesimama jikoni kwenye mgahawa nikikatakata hivyo vitu. Naongezea upande wa mkate kwa sababu naona dada hujasema ulikaanga vipi. Huo mkate wa Kiarabu una matabaka mawili, ufungue kwanza ubaki karatasi mbili nyembamba, ukiukaanga na matabaka yote katikati unabaki na unyevu na huo unyevu baadae unatoka unalainisha. Ukishafungua chana kwa mkono vipande kama vya kuchotea maharage, paka mafuta ya zeituni kwa vidole mpaka kila kipande king'ae, tandaza kwenye trei visipandane, oveni 180 dakika 10 hadi 12 ugeuze mara moja. Mafuta yale yanafanya kama koti, maji hayaingii haraka. Kukaanga kwenye mafuta mengi nako kuna utamu wake, wengi hapa ndo wanapenda hivyo, ila mafuta yasipopata moto wa kutosha mkate unayanywa.

Mteja wa kubeba tunampa mkate kwenye mfuko wake na mchuzi kwenye kikopo chake. Mtu akiagiza vichanganywe hukohuko tunamuuliza mara mbili.

Mzaramo_Halisi
Samahani naingilia uzi, mimi sina oveni nina jiko la mkaa na mkate wa Kiarabu huku kwetu Mbagala sipati, chapati zilizolala zinafaa?

Kaka_Michigan
@Mzaramo_Halisi jiko la mkaa linafaa sana, kikaango kikavu moto mdogo, geuzageuza mpaka vikauke, usiwe na haraka ukaunguza juu ndani kukabaki laini. Chapati mimi sishauri, imekandwa na mafuta na kukunjwa, ikikauka inakuwa ngumu ya kutafuna haivunjiki. Bora ukande unga, hamira, chumvi na maji tu, usukume nyembamba, uchome kikaangoni bila mafuta. Na usiogope mkate wa jana, hicho chakula asili yake ni hiyo, jina lenyewe linatoka kwenye neno la Kiarabu la kuvunjavunja mkate, watu walikuwa na mkate uliokauka hawataki kuutupa.

Shangazi_Tanga
Mwanangu UmmuZayn kuhusu sumaki usihangaike na safari za mbali, japokuwa ukimpata mtu anatoka Oman au Dubai mwagize, kilo haihitajiki robo tu utakaa nayo mwaka. Mimi natumia choya, hii rozela ya juisi. Nachukua maua makavu nayapitisha kikaangoni bila mafuta dakika mbili yatoe harufu, nasaga, nachekecha. Uchachu upo na wekundu upo. Anza na kijiko cha chai usije ukazidisha. Wengine wanatia unga wa ubuyu nao ni mkali mzuri, lakini ukikutana na maji unakuwa mzito kama uji kwa hiyo nyunyiza juu tu mwisho.

Kuna na ile asali nyeusi ya komamanga, wengine wanaitia kwenye mchuzi. Maji ya komamanga vikombe 4, sukari nusu kikombe, ndimu robo kikombe, moto mdogo kama saa moja mpaka kibaki kikombe kimoja. Kijiko kimoja kwenye mchuzi kinatosha. Komamanga zikiwa ghali tia ukwaju mzito na sukari chembe.

BintiDarajani (Muscat)
Shangazi hiyo ya choya naijaribu leoleo. Nimesahau kitu, kuna lile jani nene dogo linatambaa chini mashambani, shina jekundu, chachu kidogo, Walebanoni wanaliita baqle na Wamisri rijla. Kwenye fatush yao ndo lenyewe hasa. Huko kwetu wengi wanaling'oa kama magugu. Ila ukilichuma angalia, ukivunja shina likitoa maziwa meupe tupa, hilo ni lingine linalofanana nalo na si la kula.

Abu_Lina
Mimi napingana kidogo na wote. Mke wangu ni wa Sham, kwao mkate wote ukiwa mkavu kabisa wanasema hiyo ni saladi imewekewa mkate juu, si fatush. Yeye anagawa mafungu mawili, nusu anachanganya na majani na mchuzi dakika tano kabla unywe ule uchachu, nusu anamwaga juu watu wakiwa wameshakaa. Unapata laini na kavu kwenye tonge moja. Jaribu hivyo dada utanikumbuka.

Kaka_Michigan
Dakika tano sawa nakubali. Nusu saa sikubali.

UmmuZayn_Mvita
Jamani Mungu awalipe. Abu Lina umenikumbusha kitu, kweli chini ya bakuli la madam kulikuwa na vipande laini vimeiva rangi ya sumaki, na yeye ndo alikuwa akivitafuta kwa kijiko. Nilidhani vimelainika kwa bahati mbaya. Nitafanya mafungu mawili. Mkate nikiukausha asubuhi utakaa mpaka jioni? Huku Mombasa hewa yenyewe ina maji.

Shangazi_Tanga
Utakaa. Utandaze kwenye sinia upoe wazi mpaka ukiushika usisikie joto lolote, ndo utie kwenye bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana. Ukifunga una joto umeharibu.

UmmuZayn_Mvita
Nimerudi. Mikate 6, matango 6, tungule 10, miche minne ya saladi, figili, hoho mbili, nanaa fungu zima, na choya ya shangazi. Leso niliizungusha uani na Zayn akaomba naye azungushe. Kila kitu kilikaa mbalimbali mezani mpaka tumefungua kwa tende na maji, wanaume wakaenda kuswali, waliporudi wanakaa ndo nikamwaga mchuzi mbele yao na fungu la kwanza la mkate, nikahesabu dakika tano, halafu la pili juu. Walipotia vijiko nikasikia ile sauti ya Hamra, kwach kwach, meza nzima. Mama mkwe hajui Beirut iko wapi lakini alirudia mara mbili kisha akaanza kuchokora chini ya bakuli akitafuta vile laini, nikamwachia vyote.

Wifi mkubwa kataka apewe ya kubeba. Nimempa mkate kwenye mfuko wake na mchuzi kwenye chupa, nikamwambia asichanganye mpaka mumewe awe ameshanawa mikono.