Naomba ushauri: walimu wasaidizi ni watatu, shule za msingi zinazowahitaji ni tisa

Mweka hazina, Nyando

Hamjambo, wanajamii. Kikundi chetu cha wazaliwa wa Nyando, Kaunti ya Kisumu, kimechanga fedha za kuwalipa walimu wasaidizi watatu kwa mwaka mzima, na shule za umma zilizotuletea maombi ni tisa. Baadhi ya wanachama wanataka kila shule ipewe mwalimu kwa muhula mmoja ili pasiwe na manung'uniko, na wengine wanataka tuanze na shule iliyo mkiani kwa alama. Mimi sijaridhika na lolote kati ya hayo. Katika shule moja inayopatwa na mafuriko ya Mto Nyando, tulimkuta mwalimu ameugawa ubao kwa mstari wa chaki, kushoto kazi ya gredi ya pili na kulia ya gredi ya tatu, huku watoto wa upande mmoja wakingoja amalizane na wenzao. Shule hiyo haiko mkiani, kwa kuwa wengi waliolemewa huacha masomo kabla ya kuufikia mtihani. Tutumie kipimo gani?

Mwalimu mkuu mstaafu, Bungoma

Ndugu mweka hazina, mtihani wa KPSEA, yaani tathmini ya kitaifa ya shule za msingi, hufanywa mwishoni mwa gredi ya sita, na mtoto aliyeshindwa kusoma tangu gredi ya pili atakuwa amekwisha kupotea. Kwa ruhusa ya walimu wakuu, wahesabuni watoto walioketi darasani, wala si walioandikwa kwenye daftari, kisha mlinganishe na walimu walioajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, pekee. Walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi ya shule yenyewe, aghalabu hulipwa kwa michango ya wazazi, kwa hiyo shule yenye wazazi wenye uwezo hujiongezea walimu, na shule ya mafukara hubaki na wale wale wa serikali, ingawa elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003.

Muhula mmoja msiufikirie kabisa, kwani mtoto huanza tu kumzoea mwalimu, naye anaondoka.

Mzazi, Nyalenda

Mwalimu amesema kweli, ila naomba niongeze. Shule iliyo kando ya lami huhesabiwa kuwa na nafuu, hali ndani yake mna watoto wanaoshinda njaa. Mpeni kila mtoto wa gredi ya tatu aya fupi aisome mbele yenu, nanyi mtajua hali ilivyo. Tena iandikwe kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa mwalimu msaidizi.

Mwalimu wa gredi ya kwanza, Njoro

Hofu yangu ni kuhusu kazi atakayopewa mwalimu huyo akishafika. Tangu gredi ya saba ilipoanza mwaka 2023 katika viwanja vya shule za msingi, mwalimu mkuu mwenye upungufu huko juu anaweza kushawishika kumhamishia gredi hiyo. Kuna jambo jingine lililoonekana katika mpango ulioanza mwaka 2005 huko Bungoma na Butere-Mumias, uliofuatiliwa na wanauchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, ambapo shule 140 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza kwa mkataba. Watoto waliofundishwa na mwalimu huyo waliendelea vizuri, lakini waliobaki na mwalimu wa serikali hawakunufaika vivyo hivyo, ijapokuwa darasa lilikuwa limepungua karibu nusu, kwa sababu baadhi ya walimu hao walilegeza bidii. Pale kamati ya shule ilipofunzwa kusimamia ajira hiyo, hali ilikuwa afadhali. Kwa hiyo wekeni makubaliano yaliyotiwa saini: mwalimu abaki gredi ya kwanza hadi ya tatu, afundishe kusoma na hesabu, na wazazi wawili wakague mahudhurio ya walimu wote, si yake peke yake.

Mweka hazina, Nyando

Nawashukuru sana. Nitapendekeza shule tatu kwa mwaka mzima, tukianza na hesabu ya darasani na kile kipimo cha kusoma, na makubaliano yataandikwa kama mwalimu wa Njoro alivyoeleza. Lakini zile sita zitakazokosa tutazieleza vipi?

Mwalimu mkuu mstaafu, Bungoma

Waiteni walimu wakuu wote tisa pamoja, muwaonyeshe matokeo ya kila shule kwenye karatasi moja kabla ya kutangaza uamuzi, ili anayeona shule yake imehesabiwa vibaya aseme hapo hapo na hesabu irudiwe.