Kuchagua koilova za kushusha Toyota GT86 inayotumika barabarani kila siku

Swali

Ndugu wadau, nina Toyota GT86 ya mwaka 2014 ninayoiendesha kwenda kazini na kurudi siku tano za juma, na mara mojamoja naipeleka kwenye barabara za milimani kwa ajili ya raha ya kona. Shokapu za kiwandani zimechoka: ya nyuma kushoto inavuja mafuta, na gari likipita kwenye lami yenye mawimbi hunesa mara mbili tatu kabla ya kutulia. Kwa kuwa kubadilisha ni lazima, nimeona afadhali nifunge koilova (shokapu iliyozungukwa na springi, yenye nyuzi za kurekebisha kimo) na kulishusha gari milimita 40 hivi, maana pengo lililopo kati ya tairi na madigadi linanikera macho.

Nimelinganisha seti mbili. Ya kwanza ina springi za kilo 8 kwa milimita (yaani kilo 8 huibonyeza milimita moja) mbele na nyuma, shokapu zake zina kitufe cha kurekebisha chenye ngazi 30, na vishikio vyake vya juu ni vya chuma chenye beringi badala ya raba. Ya pili ina springi laini zaidi na vishikio vya raba, lakini kinachorekebishwa ni kimo peke yake. Je, ngazi hizo 30 zina faida ya kweli kwa mtu wa barabarani, na je, milimita 40 ni nyingi mno?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, naomba tuliweke kando suala la kimo kwa muda, tuanze na nafasi ya kupanda, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kwenda juu kabla shokapu haijafika kwenye raba ya kikomo. Gari la barabarani huishi kwa umbali huo. Tuseme gari likiwa limesimama, nawe ukiwa ndani, lina milimita 70 za kupanda. Ukilishusha 40 bila kubadilisha kitu kingine unabakiwa na 30, na shimo la kawaida au tuta lililovukwa kwa haraka kidogo humaliza 30 hizo mara moja. Raba ikiguswa ugumu huongezeka ghafla. Hilo ndilo pigo ambalo watu hulisikia kiunoni, kisha wakailaumu springi isiyo na kosa. Likitokea katikati ya kona, tairi hupoteza mshiko pasipo kukuonya.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kumwuliza muuzaji ni namna kimo kinavyorekebishwa. Kuna koilova ambazo hushusha gari kwa kuteremsha kiti cha springi kwenye nyuzi za bodi ya shokapu, na katika hizo kila milimita unayoshuka unaikata kwenye nafasi ya kupanda, isipokuwa kama mtengenezaji amefupisha bodi ya shokapu tangu mwanzo. Nyingine zina kishikio cha chini kinachozungushwa, hivyo urefu wa shokapu nzima hupungua huku pistoni ikibaki na mwendo wake wote. Aina hii ya pili ni bora kwa anayetaka kushuka sana, ila ina mtego wake: tairi linaweza kugonga madigadi kabla shokapu haijafika mwisho. Fundi makini huondoa springi, akaliinua gurudumu kwa jeki hadi kikomo, na kutazama kwa macho yake kinachogusa kwanza.

Sasa springi. Namba ya kilo kwa milimita peke yake haisemi mengi, kwa sababu kinachobeba gari ni ugumu unaofika kwenye gurudumu, na huo hupatikana kwa kuzidisha ugumu wa springi kwa uwiano wa mwendo (mwendo wa shokapu ukigawanywa kwa mwendo wa gurudumu) uliozidishwa kwa wenyewe. Mbele gari lako lina mfumo wa MacPherson, ambamo shokapu yenyewe hushika gurudumu kwa juu na mkono mmoja hulishika kwa chini, na uwiano wake unakaribia 1, tuchukue 0.95. Tukikadiria kwamba kila pembe ya mbele inabeba kilo 300, springi ya kilo 8 italifanya bodi la gari litake kunesa takriban mara 2.4 kwa sekunde. Magari ya kawaida ya abiria huwa kati ya mara 1 na 1.5, ya michezo yanayoendeshwa barabarani huwa kati ya 1.5 na 2, na yanayozidi hapo kwa kawaida ni ya mashindano. Kwa lengo la mara 1.7, springi ya mbele inayokufaa inakaribia kilo 4.

Nyuma hesabu inageuka, kwa sababu mfumo wa mikono miwili, wa juu na wa chini, huipa shokapu mwendo mdogo kuliko wa gurudumu. Ikiwa uwiano ni 0.75 na pembe inabeba kilo 260, mara 1.85 kwa sekunde inadai springi ya kilo 6 na kitu. Nimeiweka nyuma juu kidogo ya mbele kwa makusudi. Maurice Olley, mhandisi aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba nyuma ikinesa haraka zaidi kuliko mbele, hulifikia wimbi la mbele baada ya kuvuka tuta, na gari hutulia sambamba badala ya kupiga mbizi mbele na nyuma. Springi zinazolingana mbele na nyuma, kama zile za seti yako ya kwanza, zinakupa kinyume chake katika gari hili: mbele ngumu kuliko nyuma kwa kipimo cha gurudumu.

Kuhusu ngazi 30: kitufe kimoja mara nyingi hubadilisha zaidi nguvu ya kuzuia springi inaporudi, na kwa kiasi fulani nguvu ya kuzuia inapobonyea, vyote kwa pamoja. Wingi wa ngazi hauonyeshi upana wa marekebisho. Shokapu ya ngazi 10 inaweza kuwa na upana mkubwa kuliko ya 30. Mwombe muuzaji grafu ya nguvu dhidi ya kasi ya pistoni, na uangalie kama shokapu ya kushoto na ya kulia zinafanana. Asiyekuwa na grafu hiyo anakuuzia rangi na idadi ya ngazi.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, na ningependa kuongeza suala la jiometria, kwa kuwa ndilo linaloamua kama gari lililoshushwa litapinda vizuri kuliko lilivyokuwa.

Katika MacPherson, mkono wa chini ukiwa umeinama kuelekea upande wa gurudumu, kitovu cha mlalo (nukta ambayo bodi la gari hulala kuizunguka kwenye kona) hukaa mahali pazuri. Ukishusha gari mkono huo huinuka upande wa gurudumu, na kitovu hicho huteremka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoteremka. Pengo kati ya vitu hivyo viwili ndilo wenzo unaolilaza gari kwenye kona. Ndiyo maana mtu anaweza kushusha gari lake, springi zikiwa zilezile, akashangaa kwamba linalala zaidi. Watu wa mashindano hutibu hali hiyo kwa boljointi (viungo vya mkono na gurudumu) zenye shina refu zinazourudisha mkono chini, lakini kwa gari la kila siku ni rahisi zaidi kutoshuka kiasi hicho. Mimi nisingevuka milimita 25.

Fimbo za usukani nazo hubadilika pembe, na zisipofuata njia moja na mkono wa chini, gurudumu hujigeuza lenyewe kila linapopanda. Utalisikia kama gari linalotafuta njia kwenye lami mbovu.

Baada ya kufunga, alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, ni ya lazima. Kemba hasi, yaani gurudumu kuegemea ndani kwa juu, ya digrii 1.5 hadi 2 mbele haitakula tairi kwa kasi ambayo watu huihofia. Mlaji mkubwa ni tou, yaani matairi kutazamana au kuachana kwa mbele, ambayo hubadilika kila unapogusa kimo. Mwambie fundi pia akaze bolti za bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, maana akizikaza likiwa linaning'inia kwenye jeki, raba za bushi zitaishi zimesokotwa na zitapasuka mapema. Mwelekeo wa taa za mbele urekebishwe, na kampuni ya bima ijulishwe. Ujerumani, kwa mfano, hudai hati ya kitaalamu kwa mabadiliko ya namna hii, na watengenezaji kadhaa huiweka ndani ya kifurushi.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimepiga hesabu upya na sasa nalenga milimita 20 hadi 25, hivyo seti ya kilo 8 nimeiondoa. Limebaki suala la vishikio vya juu: nimeambiwa vile vya beringi hufanya usukani uwe mwepesi kujibu. Je, kuna ubaya kuvitumia barabarani?

Jibu la tatu

Niliwahi kuviendesha kwa miaka miwili kwenye gari la namna yako, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona. Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha: usukani ulijibu papo hapo, na kemba ilirekebishwa kwa kulegeza bolti nne tu. Kisha vumbi na maji vikaingia kwenye beringi, na kila jiwe dogo likawa linagonga ndani ya gari kama nyundo. Nilizibadilisha, na baada ya msimu mmoja wa mvua kelele zikarudi. Raba huchuja mitetemo midogo ambayo springi na shokapu haziwahi kuiona, na kwa safari ya kazini kila siku uchujaji huo una thamani kubwa kuliko wepesi wa usukani. Kemba ya mbele unaweza kuipata kwa bolti maalumu za kurekebishia.

Jambo jingine ni kutu. Kama unaendesha kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, au karibu na bahari, nyuzi za bodi hushikana, na baada ya mwaka kiti cha springi hakizunguki hata ukivunja spana. Kampuni ya KW hutengeneza bodi za shokapu za chuma kisichoshika kutu, na hilo lina maana kwangu kuliko kitufe chochote. Kwa bodi nyingine, zisafishe kwa brashi, zipake grisi ya kuzuia kushikana, kisha uzifunike. Uliza pia kama shokapu inaweza kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati, na kama sili zake zinauzwa peke yake, la sivyo ikivuja utanunua nzima.

Kwa milimita 20 unazozitaka, fikiria vilevile kama unahitaji koilova kabisa. Gari lako tayari lina springi iliyozunguka shokapu katika pembe zote nne. Kinachokosekana ni nyuzi za kurekebisha kimo, ambacho wengi wetu hukirekebisha mara moja tu. Shokapu fupi kama Bilstein B8, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya springi fupi, zikioanishwa na springi zinazoshusha kidogo, zitakupa nafasi ya kupanda iliyopangwa na mtu aliyeipima. Kama unajali zaidi uzito wa kila pembe na unataka kuusawazisha kwenye mizani, basi nyuzi zina kazi.

Jibu la kwanza, tena

Hoja ya B8 ni nzuri, na kwa matumizi uliyoyaeleza ningeanza hapo. Ukibaki na koilova, pima kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi kabla ya kuvua chochote, uandike pembe zote nne, kwa sababu kipimo cha kutoka ardhini hubadilika na upepo wa tairi. Endesha kilomita mia chache springi zikae, upime tena, ndipo uende kwenye alaimenti. Na kabla ya safari ya kwanza ya milimani, kaza upya ringi za kufungia. Zikilegea kiti hushuka chenyewe upande mmoja, na utajua tu pale gari litakapoanza kuvuta.