Wakuu naombeni msaada, "Phoenix" kwa Kifaransa ni nini?

Kalamu_Kavu: Wakuu habari zenu, nimekwama. Nina kazi ya kutafsiri kwenda Kifaransa na hili neno Phoenix limejaa kila ukurasa, nimeweka phénix, yule ndege wa hadithi anayeungua halafu anafufuka kwenye majivu yake. Niko sahihi? Nakabidhi kesho asubuhi.

Bibi Kamusi: Ndege ni le phénix, na Mfaransa akimwita mtu phénix anamaanisha hana mfano wake. Ila maana ziko nyingi mwanangu, weka sentensi nzima.

Nyota7: Kuna kundinyota la kusini pia, le Phénix kwa herufi kubwa, nyota yake inayong'aa zaidi inaitwa Ankaa. Siku naiona mara ya kwanza tulikuwa na baba mdogo, darubini ya kuazima, mawingu yakaachia dakika mbili tu, sijasahau mpaka leo.

Mpenda Ramani: Mji wa Arizona unabaki Phoenix hivyo hivyo. Waliuita hivyo kwa sababu uliota pale palipokuwa na mifereji ya kale ya Wahohokam, wenyeji wa zamani wa eneo hilo.

Bibi Kamusi: Mleta uzi, sentensi iko wapi?

Kalamu_Kavu: Sawa bibi. Ni kitabu cha kilimo, wameandika Phoenix dactylifera, kwingine Phoenix tupu. Lakini nusu nimeshatuma na mteja hajalalamika, si jina ni lile lile? Naona itaeleweka tu.

Bibi Kamusi: Haieleweki! Huo ni mtende. Kigiriki phoinix lilikuwa ndege, mtende na hata rangi nyekundu ya kukolea. Jina la kisayansi liache lilivyo, kwingine andika palmier dattier au dattier.

Ustaadhi: Kazi ya mtu ni amana. Umekula pesa yake, mrudishie kilicho sahihi.

Mchunguzi: Hii chai. Utafsiri kitabu cha mitende usikutane na neno tende?

Kalamu_Kavu: Si chai mkuu, walinigawia sura ya upandaji peke yake. Nimeandika kabisa kwamba phénix anapandwa kwa machipukizi yanayotoka shinani kwa mama, hapo ndipo nilishtuka nikaja kuuliza, niliona aibu kusema mwanzoni.

Mchunguzi: Basi nisamehe. Mwandikie mteja usiku huu huu, asichape.

Bibi Kamusi: Na hayo machipukizi ni les rejets.

Kalamu_Kavu: Namwandikia sasa hivi. Bibi, na mtende dume?

Bibi Kamusi: Dattier mâle.