Kola, matone au kidonge: ipi humfaa mbwa wa matembezi ya Kwale?

MtembeziNyali: Hamjambo wanajamvi. Sisi hutembea na mbwa pembezoni mwa Shimba Hills, nje ya mipaka ya hifadhi, na kila tukirudi namkuta amejaa kupe masikioni na katikati ya vidole. Nalinganisha kola, matone ya mgongoni na kidonge. Huoga baharini karibu kila jioni, na nyumbani tuna paka wawili.

MgangaWaMifugo: Ndugu, bahari na paka ndivyo vitakavyoamua. Matone hupungua nguvu mbwa akilowa mara kwa mara, na yenye permethrini yanaweza kumuua paka anayelala ubavuni mwake na kumlamba. Kola ya flumethrini huua kupe wakiigusa tu manyoya yenye dawa, lakini kuoga kila siku huifupisha maisha. Kidonge hakiathiriwi na maji. Vipo vya mwezi mmoja, na vya fluralana hudumu kama wiki 12. Kasoro yake ni kwamba kupe hufa baada ya kuuma, na mbwa mwenye kifafa asipewe kabla ya kuonwa na daktari.

MamaLikoni: Mbona hamtaji dawa ya josho? Ni rahisi, na kwetu kila mfugaji anayo.

MgangaWaMifugo: Dada, ile imepimwa kwa ng'ombe. Ikizidi, mbwa huzubaa na kuyumba.

KijanaWaMtwapa: Naona mmesahau kichaa cha mbwa, ambacho hakizuiwi na chochote kati ya hivyo vitatu. Mbwa akikabiliana na mbweha vichakani, kinga yake ni chanjo, ambayo kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dalili zikishaanza ni nadra mno kupona.

MamaLikoni: Na kupe aliyekwisha kung'ata? Sisi humpaka mafuta ya taa.

MgangaWaMifugo: Hayo yaacheni. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumsokota wala kumminya. Mbwa akipata homa, akikataa chakula au akitokwa damu puani baadaye, apimwe damu, kwani kupe wa kahawia hueneza ehrlichia, bakteria wanaoshambulia chembechembe za damu.

MtembeziNyali: Basi nachukua kidonge, na chanjo nitaihuisha. Nianze masika yakikaribia?

MgangaWaMifugo: Anza sasa. Kupe huyo hutaga hata kwenye nyufa za ukuta wa banda, na joto letu humfaa mwaka mzima.